Nilivyosinzia Kwenye Posa ya Salma

Jamani, leo nimetia aibu mbele ya wakwe. Tena wenyewe hata hawajawa wakwe!

Mnajua tangu nifanyiwe upasuaji wa goita nameza kidonge cha tezi kila asubuhi. Juzijuzi wakaniongezea kalsiamu. Mimi nikawa navikusanya vyote kiganjani, navishushia na glasi ya maziwa. Ndivyo Bibi alivyotulea: dawa bila maziwa inakwangua tumbo. (Hakusomea popote, ila nani angembishia?) Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusinzia. Nasinzia nikichambua mchele. Nasinzia nikiongea na simu. Nikajisemea ni uzee.

Sasa leo mchana wamekuja kumposa Salma, binti wa marehemu kaka yangu. Msemaji wa familia: mimi. Kikao kilikuwa nyumbani kwa Bibi hapa mjini Tabora, sebule ileile aliyokuwa akipokelea wageni. Nimekaa kwenye kiti chake, nimefukiza udi kama wake. Nikaivuta ile harufu, nikamwona kabisa: kanga begani, birika la kahawa mkononi, sisi wajukuu tumebanana mkekani tukigombania tende. Mungu amrehemu. Nyumba ile ilikuwa na kelele siku hizo!

Wageni wakaingia na dumu la asali ya Sikonge. Salamu ndefu, dua ndefu. Mzee Nassoro, babu wa kijana, akaanza kuzungumza kwa sauti tamu, ya polepole... Nikapitiwa. (Macho wazi, naapa! Basi, nusu.)

Ndotoni Bibi kanisimamia na kikombe. "Umeshakunywa maziwa, mjukuu wangu?"

Kumbe huku Mzee Nassoro anauliza, "Je, binti yenu ameshaposwa na mtu mwingine?"

Nikajibu, sebule nzima ikasikia: "Ndiyo Bibi! Tena mara mbili!"

Nyuma ya pazia sinia la vikombe likaanguka. Salma akatoka mbio, ushungi umemdondokea begani: "Shangazi! Lini? Na nani?"

Nikatafuta pa kuficha uso. Mzee Nassoro akacheka mpaka kofia ikamvuka, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, kwenye sebule hii nilikuja kumposa shangazi yako, nikakataliwa. Lakini hata bibi yako hakunijibu hivyo!"

(Bibi! Hukuwahi kutuambia!)

Kisha akakitazama kile kiti. "Bibi yako alikaa hapohapo ulipo," akasema taratibu.

Ikabidi nieleze habari ya usingizi. Mama wa kijana, kumbe ni muuguzi, akauliza, "Dada, hiyo dawa ya tezi unaimezaje?"

Nikaeleza kwa fahari, maziwa na yote. Akashika kichwa.

"Kalsiamu inaizuia dawa isiingie mwilini, ndiyo maana unasinzia! Kidonge cha tezi umeze kwa maji tu, kabla hujala. Kalsiamu isubiri angalau masaa manne. Na hayo maziwa yana kalsiamu hiyohiyo! Rudi kliniki wakupime upya."

Mzee Nassoro akarudia swali, safari hii neno kwa neno, kama anaongea na mtoto. Nikajibu nimesimama wima: "Hajaposwa na yeyote. Karibuni sana."

Posa imepita, alhamdulillahi. Salma bado ananisemesha kwa ishara tu.

Na nyie mnaocheka, endeleeni. Kadi za harusi nagawa mimi.