Namna ya Kuzuia Galaksi Isitoke Butembo

Siku ya tatu ya juma, tarehe 6 mwezi wa nane

Mubaya! Falonne anaenda. Ameniambia asubui, nikiwa natwanga sombe ya majani ya muhogo, sawa vile mutu anasema mvua itanyesha. Masomo ya Mbarara, kule Uganda, imemukubali. Myaka mbili. Kusoma galaksi.

Galaksi ni kikundi kikubwa cha nyota. Mi masomo sikuona, herufi nilifundishwa ku paroisse ya kanisa pamoja na bamama bengine, mais nataka kujua kitu gani inaniibia mujukuu. Nikamuuliza. Akaacha simu, akachutama karibu na kinu. Anasema zile nyota zinazunguka mbio sana, zingepashwa kutawanyika. Hazitawanyike sababu kuko kitu ya giza, nzito, inazunguka galaksi yote. Hakuna mutu amekwisha kuiona. Ile njo inazishika.

Nikamwambia ile naijua. Inaitwaka koko: bibi mwenye kulea.

Akacheka. Kisha akasema galaksi mbili zinaweza kuwa na giza ya uzito moja, mais moja inaikala karibu na kikundi kikubwa, ingine inaikala peke yake mahali pa wazi, na hazifanane hata kidogo. Jirani anabadilisha kila kitu. Yeye anataka kujua namna gani.

Nikamwambia jirani tuko nao hapa, aende kubauliza.

Huyu mutoto njo kitu mwanangu Kitsa aliniachia. Yeye na muke wake Sophie baliuawa ku shamba, Eringeti. Falonne akienda, nyumba itabaki na mi na kuku. Haiwezekane. Lazima akili.

Siku ya tano, tarehe 8

Nimepata! Ntamupiga na masomo yake mwenyewe. Jioni nikamuuliza, kwa upole kabisa, galaksi ndogo ikiingia mu kikundi kikubwa inapata nini. Anasema inapoteza gaz yake, ile gesi. Gaz njo unga ya kupikia nyota mupya. Ikikosa gaz, galaksi haizae tena. Inabaki na nyota za zamani, inakuwa nyekundu, inazeeka.

Nikaruka! Nikamwambia unaona? Mbarara njo kikundi kikubwa. Batamunyanganya unga. Atarudi mwekundu, muzee, bila mutoto.

Anasema: Koko, Butembo ni kubwa kuliko Mbarara.

Hata kuku zilicheka. Nimelala bila kula. Hapana, nilikula kidogo.

Siku ya posho, tarehe 9

Akili ingine. Kilio ya Kitsa na Sophie haijaondolewa. Kwetu jamaa zote mbili zinakutana, banyolane nywele, bakule mbuzi, njo kilio inaisha. Sisi hatukufanya. Kule Eringeti hatukuweza hata kufika, batu bengine njo balibazika. Kila mwaka mi nasema: tungojee kwanza.

Leo nikasema hii, tukiwa tunakula: mutoto mwenye kilio ya bazazi wake haijaondolewa, havuke mupaka. Ni desturi.

Akauliza desturi ya tangu lini. Nikamwambia ya bankambo, bazee ba zamani. (Ya tangu leo asubui.)

Nilifikiri atabishana. Hakubishana. Aliweka sahani chini, akasema pole pole: "Koko, unanifungia mulango na kilio ya papa?" Akaenda kulala.

Nimeshinda. Sahani yake nimeifunika, asubui atakuwa na njaa.

Siku ya kwanza, tarehe 11

Beni. Nimeenda kwa bokilo wangu Marie-Jeanne, mama ya Sophie. Jamaa yake isipokuya hapa Butembo, kilio haiondoke. Donc nataka akatae kukuya.

Huyu mama! Tangu siku ya ndoa anasema Kitsa aliokota bahati. Anasema Falonne ana pua ya kwao. Pua ni yangu! Leo amenipatia kichwa ya samaki, mukia akajiwekea. Anasema kwetu Butembo hatupike ugali ya foufou, tunapika mawe. Nikamezea yote, juu ya mutoto.

Nikamweleza: abaki Beni tu, aseme mugongo unamuuma, mwaka huu na mwaka ujao. Akakubali mbio. Mbio sana. Hata wakati wa kuagana hakunitukana. Sipende hii.

Siku ya posho, tarehe 16

Musaliti! Asubui gari ya Shafii, dereva wa Beni, ikasimama ku mulango. Mbuzi ikashuka. Nyuma ya mbuzi, Marie-Jeanne, wembe mu mukono, mugongo wima sawa askari.

Nikamuvuta pembeni, nikamuuliza kama ana wazimu. Anasema: bokilo, njia ya Mbarara inapitia wapi? Inapitia Beni, kisha Kasindi. Kila congé, masomo ikifungwa, mutoto atalala kwake mbele ya kufika kwangu, atakula kwake mbele. Alifikiria ile mi nikiwa bado nakula samaki yake. Mujanja ule!

Kisha sauti yake ikashuka. Akasema tena amechoka. Amechoka kumulilia Sophie peke yake kule, na mi Kitsa peke yangu huku.

Tukanyolana. Kichwa yake bila nywele ni ndogo sana. Sikujua. Nilimukata kidogo nyuma ya sikio, hapana makusudi, naye akainamisha kichwa zaidi. Tukaita majina yao mu lupango, ku kiwanja ya nyumba, sababu kaburi hatuna ya kuonyesha. Nililia mpaka majirani bakaacha kazi zao.

Kisha tukakula mbuzi, Falonne akaikala kati yetu. Nikamuuliza: galaksi yako ikipita karibu na ile kubwa, ikavutwa, kitu gani inapasuka ya kwanza? Ni nyota? Anasema hapana. Ni giza. Ile giza ya inje njo inang'olewa ya kwanza. Nyota ziko katikati, zenyewe zinaguswa mwisho kabisa.

Nikasema: donc mi njo wa kwanza kung'olewa.

Marie-Jeanne akasema: sisi.

Falonne akasukuma sahani pembeni. Akalaza kichwa ku magoti yetu, nusu kwangu, nusu kwake. Nusu yangu ilikuwa kubwa.

Siku ya kwanza, tarehe 18

Ameenda. Nilimufungia unga ya muhogo mpaka valizi ikakataa kufunga. Nikamwambia ni gaz, asikubali baipore. Akacheka, macho yakiwa na maji. Shafii akapiga honi. Nilimukataza honi!

Saa sita nikapika foufou ya batu babili. Nikakula yangu. Ile ingine ikabaki ku meza mpaka ikakauka.

Siku ya Mungu, tarehe 24

Simu na Marie-Jeanne. Anasema Falonne amefika vizuri, amepata barafiki, analala vizuri, anakula vizuri. Hatari kabisa!

Akili imekuya palepale: mumoja wetu agonjwe. Hapana sana. Kiasi ya kurudisha mutoto. Marie-Jeanne akasema vizuri, yeye njo atagonjwa, juu Beni iko karibu na mupaka, mutoto atafika mbio. Afike wapi? Kwake! Nikamwambia mi njo nilimulea, mi njo mukubwa, ugonjwa ni wangu. Anasema mi sijue kugonjwa, niko na sauti ya kuita soko nzima. Nikamwambia yeye hata akifa hakuna mutu atamwamini. Tukagombana mpaka unités ya simu ikaisha.

Anafikiri ameshinda. Kesho asubui, yeye akiwa bado analala, naanza kukohoa.