Pistoni ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki imefika! Baba mkwe kaileta mwenyewe, kaiegesha uani, akaizima, akaiwasha tena kwa kiki moja ili nisikie. Inanguruma vizuri. Lakini chafu! Injini nyeusi tii kama sufuria ya shughuli. Nikajikaza nisiseme kitu.

Masharti ya mzee: nikae nayo mpaka Jumapili. Jumapili anakuja kula chakula cha mchana. Akiridhika, pikipiki inabaki hapa. Mke wangu ni muuguzi. Anatoka jua halijachomoza, anatembea hadi hospitali, anasimama kutwa, anarudi kwa miguu iliyovimba. Nitakuwa nampeleka. Nimeshamwahidi.

Mzee asiporidhika, inakwenda kwa mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Ana gari. Gari zima! Na bado anaitolea macho pikipiki. Kuna watu hawashibi.

Mzee kasema nibadilishe oili, niioshe, basi. Nikaitikia ndiyo baba. Lakini kuosha tu? Hiyo kazi ya mwanyumba. Mimi nitaing'arisha, chuma kwa chuma, nje na ndani. Jumapili mzee atajitazama kwenye injini kama kwenye kioo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifungua injini juu ya meza ya jikoni. Vyuma vyote vimetoka, vingine kabla sijavihitaji. Springi moja imeruka, ikaingia nyuma ya friji. Nimeiacha huko. Ingekuwa ya maana isingetoka kirahisi hivyo.

Nimeloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, ndani ya sufuria kubwa ya mke wangu. Kisha kifuniko cha pembeni. Msasa mkali kwanza, na maji ya sabuni. Halafu wa kati. Halafu ule laini ambao ukiugusa unadhani ni karatasi ya kawaida. Mwisho, kitambaa cha fulana kuukuu na dawa ya kung'arishia. Vidole vyeusi, bega linawaka moto. Na pale katikati ya weusi, doa la fedha! Likapanuka. Nikaona pua yangu. Sijawahi kuipenda pua yangu namna ile.

Mke wangu karudi, akauliza sufuria iko wapi. Nikamjibu ina kazi. Akanikata jicho. Tumekula mkate na chai.

Jumatano, 5 Machi

Mkono peke yake hautamaliza mpaka Jumapili. Nikapata akili. Blenda! Inazunguka kwa kasi, na jikoni inakaa bure tu. Nikakata blanketi vipande vya duara, nikavifunga pale penye visu, nikapaka dawa, nikawasha.

Mwanzo ilikwenda vizuri sana. Kifuniko cha kabureta kiling'aa kufumba na kufumbua. Kisha kikanitoka mkononi, kikapita dirishani, kikatua kwenye shuka zilizoanikwa za jirani wa chini. Jirani kapanda ngazi akiwa amekishika kwa vidole viwili, uso kaukunja. Kasema shuka zilikuwa nyeupe. Nikamwonyesha kinavyong'aa. Hakutazama hata! Watu wengine hawana jicho la mambo mazuri.

Blenda imetoa moshi, ikanyamaza. Imekufa kazini. Naiheshimu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanyumba kaja kunisalimia. Kunisalimia, thubutu! Kaja kuchungulia. Kavaa viatu safi, kakaa kwenye stuli yangu bila kukaribishwa, akatazama vyuma mezani kimoja kimoja. Kasema nje nimefanya kazi nzuri. Kisha akashusha sauti kama daktari, akaniambia nisiguse ndani ya silinda. Eti pistoni inatakiwa iingie kwa kubana, nikiipunguza hata kidogo nguvu zote zitapita pembeni. Eti ile mikwaruzo midogo ndani ya silinda imewekwa makusudi, ndiyo inayoshika oili.

Makusudi! Nani mwenye akili zake timamu anakwaruza chuma makusudi?

Alisema kwa upole mno. Hapo ndipo nilipomjua. Mtu hawi mpole hivyo bila sababu. Anaogopa! Anajua mzee akichungulia ndani akakuta kunang'aa, pikipiki kaikosa moja kwa moja. Nikamshukuru kwa adabu zote, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikampungia mkono. Nikarudi mezani, nikaanza na silinda hiyo hiyo. Mikwaruzo ilikuwa migumu kufa. Nimeimaliza yote.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu ya pistoni. Nimeisugua pande zote, pamoja na ringi zake, ambazo zilikuwa na ncha kali zisizo na adabu.

Mke wangu alikaa karibu yangu, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Akaniuliza kama kweli itawaka. Nikamwambia asiwe na shaka. Akasema ameshawaambia wenzake wodini kwamba wiki ijayo hatakuja tena kwa miguu. Kuna helmeti nyekundu ameiona dukani, anaipitia kila siku. Aliyasema hayo polepole, akijitazama vidole vya miguu.

Nilimwonea huruma. Nilimpenda sana. Nikazidisha msasa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kufunga. Pistoni imeingia kwenye silinda bila kusukumwa. Imedondoka yenyewe, ikasema ta! Siku niliyoitoa ilinigomea hadi nikatoa jasho. Huo ndio ustadi. Zimebaki boliti kadhaa na chuma kimoja chenye umbo la sikio. Nimeviweka kwenye kopo. Kiwandani nao huwa wanazidisha.

Nilipomaliza kuirudisha injini kwenye pikipiki, nikamwita mke wangu uani. Akaizunguka, akasema ni nzuri. Nzuri! Hilo neno hajalitumia kwa kitu changu tangu tuoane.

Nikapiga kiki. Kimya. Tena. Kimya. Lakini kiki yenyewe imekuwa laini ajabu, inashuka kama unakanyaga godoro. Ile ya mzee ilikuwa inarudisha mguu kwa hasira. Nikamwonyesha mke wangu hiyo faida. Akaniuliza kuhusu kuwaka. Nikamjibu tusiwe na pupa, chuma kimechoka kwa kusuguliwa, kipumzike.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja. Mzee, mwanyumba na mkewe, shemeji yangu.

Mpango wangu: kula kwanza, mazungumzo marefu, kisha niifunue pikipiki, mzee apagawe, asahau kuwasha. Nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cha meza cha wageni. Nikakivuta. Shemeji kaguna! Mzee kavaa miwani, kainama, kajiona, akatengeneza kola. Nikamtupia mwanyumba jicho. Jicho refu.

Kisha mzee akasema iwashwe.

Nikaeleza kwamba kitu kama hiki hakikimbizwi. Mwanyumba akasogea, akapiga kiki. Akapiga nyingine. Mzee akachomoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaagiza kiki ipigwe tena. Kwa kawaida, alisema, kidole hurushwa. Kidole kilitulia pale kama kimelala. Mzee akaniuliza nilifanya nini huko ndani. Nikamweleza kila kitu, kwa fahari, msasa kwa msasa. Akatafuta kiti.

Mwanyumba hakucheka. Hilo ndilo lililonikata maini. Akasema taratibu kwamba ataichukua, ataweka silinda na pistoni mpya. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa anaitazama pikipiki, hakuniangalia mimi. Roho ikaniuma, tena sana. Nikajitupa juu ya tangi, nikalikumbatia, nikasema haitoki hapa ng'o, wakitaka wanibebe nayo. Shemeji akaniomba niteremke. Sikuteremka. Nikasema aliyeahidiwa kupelekwa kazini ni binti wa mzee, na binti wa mzee hakushika msasa, kosa lake ni lipi?

Mke wangu akasema basi apewe yeye. Si mimi, si mwanyumba. Yeye. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema angejua angempa tangu mwanzo, maana alimfundisha mwenyewe kuiendesha kabla hajaolewa, tena pikipiki hiyo hiyo. Anajua kuendesha! Miaka yote hii! Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumuuliza.

Ikaamuliwa: mwanyumba ataitengeneza, mke wangu ataiendesha, nami sitagusa injini. Nimeapa mbele ya wote. Mke wangu akaniapisha tena, peke yetu, jikoni, akiwa ameshika blenda.

Jumatano, 19 Machi

Ushindi!

Pikipiki imerudi, inanguruma, na mke wangu anaenda nayo kazini na helmeti yake nyekundu. Miguu haijavimba tena. Jana usiku alikuwa anaimba bafuni. Kanihadithia kwamba wenzake hutoka wodini kuja kuitazama injini, na wamemuuliza ni nani aliyeing'arisha hivyo. Akawaambia ni mume wake. Hakuna aliyeuliza habari za pistoni mpya ya mwanyumba. Iko ndani, nani ataiona?

Leo anapumzika, amelala. Nimekwenda uani kuitazama tu. Injini sijaigusa. Mimi ni mtu wa kiapo. Lakini gurudumu la nyuma! Nikalifungua kidogo, kwa uchunguzi. Sikuamini macho yangu. Vile vipande viwili vya breki vimefifia, vina uso mkavu wenye kukwaruza, na kila mke wangu akikanyaga breki vinasugua gurudumu lake! Ndivyo mwanyumba anavyomjali shemeji yake!

Breki hazikutajwa kwenye kiapo. Nimekumbuka kila neno, hazikutajwa. Nimezisugua mpaka zikalainika, nikapaka dawa ya kung'arishia, nikafuta kwa fulana. Sasa zinateleza kama sabuni. Nimefunga gurudumu, hakuna hata boliti iliyobaki.

Kesho ana zamu ya asubuhi. Atawahi kufika.