Fundo la Leso

Jumatatu, 14 Julai

Kuna fundo kwenye leso yangu ya mfukoni. Nimelifunga mwenyewe, nalijua kwa ubovu wake. Nimelifunga ili nikumbuke jambo. Jambo gani? Sijui!

Hilda, mke wangu, kaondoka jana kwenda Whitby kwa dada yake. Anarudi Jumamosi, siku ya maonyesho ya mboga hapa kijijini. Mlangoni alinishika kola. Akasema nilimsahau mama yake kanisani, nikasahau na siku ya ndoa yetu, sasa ananiomba jambo moja tu. Nikilisahau na hilo, anarudi zake Whitby moja kwa moja, nijipikie. Nikafunga fundo mbele ya macho yake. Akatabasamu. Hilo tabasamu nalikumbuka vizuri sana.

Nimehamia kwenye banda la vioo bustanini, nifikiri kwa utulivu. Matango ya Hilda yananing'inia kila upande, manono, yanang'aa. Mwaka huu anakitaka kile kikombe cha mshindi wa maonyesho. Kila mwaka kinakwenda kwa jirani yetu Thackray, na kila mwaka Hilda hupiga makofi huku analia.

Jumanne, 15 Julai

Nimeutesa ubongo tangu kifungua kinywa. Wapi! Joto bandani si mchezo. Nimemaliza birika mbili za chai, makapi nikayamwaga nje, nisichafue mimea ya mwenyewe.

Hila: nikampigia simu Hilda ili nimchokoe aseme mwenyewe. Nikamwambia lile jambo letu linakwenda vizuri ajabu. Akauliza, kweli, Ambrose? Asubuhi na jioni? Nikamwapia, asubuhi na jioni. Akasema safari hii anajivunia mume wake. Sauti ilimtetemeka. Roho iliniuma, lakini kidokezo nimepata. Asubuhi na jioni! Dawa? Sala? Nimepiga mswaki mara nne, huenda ni hilo.

Jumatano, 16 Julai

Thackray alisimama uani kwake, akaniuliza natafuta nini humo siku nzima. Nikamwonyesha fundo. Akalitazama. Akalitazama na banda, kwa muda mrefu. Akasema, aisee jirani, hilo silijui kabisa. Ila akanikumbusha msemo wa wazee wetu: mwenye tatizo avae kofia yake ya kufikiri. Tena nifunge madirisha yote, mawazo yasitoroke, na nisiguse kitu chochote humo ndani.

Kumbe ni mtu mwema! Miaka yote namsema bure. Nimevaa kofia ya sufu ya marehemu baba. Jasho! Majani ya matango yamelala. Nadhani hata yenyewe yanafikiri.

Ijumaa, 18 Julai

Jambo liko kwenye ncha ya ulimi na halitaki kushuka. Huku kwetu tunasema jambo likikaribia kukumbukwa, kengele hulia kichwani. Nikafumba macho, nikasubiri. Ikalia! Lo! Ilikuwa ya mlangoni. Thackray, kaja kuuliza kama bado nafikiri. Nikasema ndiyo. Akasema usikate tamaa, bwana, endelea hivyohivyo.

Majani makavu yanaangukia kwenye chai yangu. Uzembe gani huu wa mimea?

Jumamosi, 19 Julai

Hilda karudi. Aliingia bandani moja kwa moja, begi mkononi. Akanikuta na kofia kichwani na kikombe cha chai. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alishika tango moja lililosinyaa, akasema taratibu, maji tu, Ambrose. Nilikuomba maji tu.

Maji! Nikaruka kwa furaha! Nikampungia leso, nikasema hilo ndilo, nilijua litanijia! Sasa naona haikuwa saa yake.

Kikombe kachukua Thackray. Alinipa mkono, akanishukuru. Sijui kwa nini.

Hilda kaketi kitandani na koti lake, begi hajalifungua. Nikamwangukia. Mwishowe akasema atanipa nafasi moja, ya mwisho: Jumatano saa nane nivae tai, nimpeleke mjini tukanywe chai, sisi wawili tu, kama zamani. Basi! Nimefunga mafundo mawili. Mtu hujifunza.

Jumatano, 23 Julai

Mafundo mawili! La kwanza ni maji, hilo halina shaka. Nimeyamwagilia yale mashina makavu tangu alfajiri. La pili je? Ningeweza kurudi nyuma nisome shajara hii, lakini hiyo ni kukiri kwamba sikumbuki, na mimi si mtu wa namna hiyo.

Hilda kaketi sebuleni tangu saa saba. Kavaa gauni la buluu na ile kofia ya harusini. Begi lake la Whitby liko miguuni. Anaitazama saa, ananitazama mimi, anaitazama saa. Ni wazi anamsubiri mtu.

Sitamsumbua. Nimechukua kofia ya baba, naelekea bandani.