Kigari Kilichofanana Kupita Kiasi

Jumatatu, 3 Machi
Mikono yangu ilifaa kukatiwa bima. Sijisifu, natoa taarifa tu. Duniani kuna mafundi wawili: wa kwanza mimi, wa pili hajazaliwa. Mjomba amehangaika miaka minne kulifufua gari la marehemu babu. Mimi nitalijenga kwa siku tatu, dogo, la kukaa mezani. Sababu ninayo. Jumamosi gari linatoka gereji kwa mara ya kwanza, na kiti cha mbele, ubavuni mwa mjomba, ni kimoja. Atakikalia aliyeliheshimu gari kuliko wenzake. Mpinzani wangu ni bintiye, tunayemwita Spana, maana miaka yote minne kazi yake ni kumshikia baba yake spana. Hiyo nayo kazi? Hata msumari wa ukutani unashika.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipima gari kwa futi, kila kipimo nikagawanya kwa kumi. Shule niliiacha mapema, lakini kumi hainitishi. Bodi ni bati la kopo la maziwa. Tairi ni vifuniko vya chupa za dawa. Milango inafunguka! Ubavu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa upana wa kidole. Nimepima upya. Gari la babu ndilo lililopinda. Spana kachungulia dirishani, kauliza kama nashona kiatu. Nikamwambia akashike spana.

Jumatano, 5 Machi
Rangi. Gari ni kijani kisicho na jina, fundi rangi alikichanganya kwa macho tu. Imebaki rangi nusu kopo, ya kupaka mlango wa mbele ambao bado una rangi ya chini, kijivu. Kopo kakabidhiwa Spana, analilinda kama yai. Alipokwenda kula, nikalichukua. Pembeni palikuwa na hadena, ile dawa ya kukausha rangi. Fundi huchota rangi kidogo, huitia hadena kidogo. Woga huo. Mimi nimeimimina hadena yote kwenye kopo. Kigari kinang'aa mpaka najiona. Kopo nimelirudisha mahali pake. Mimi ni mtu nadhifu.

Alhamisi, 6 Machi
Rangi imekuwa jiwe. Yote. Mjomba kapindua kopo, halikutoka tone. Kaitwa fundi rangi, kasema kijani kile kilimjia kwa bahati, hawezi kukirudia. Mlango utabaki kijivu. Mjomba hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alimgeukia Spana, akamwuliza taratibu, "Mwanangu, si nilikukabidhi wewe?" Spana akasema hajui kilichotokea. Akaulizwa tena, hajui. Mimi nilikuwa hapo hapo, nakagua kucha zangu. Zina kijani. Nikatia mikono mfukoni.
Balaa ni kwamba nikikitoa kigari, nimejishtaki mwenyewe. Kiko chini ya kitanda.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango mpya: nikipake nyekundu. Nimeshindwa, kimependeza mno. Spana kaingia kufagia, ufagio ukakigonga. Nikajua atapaza sauti, nyumba nzima itasikia. Akakaa sakafuni, akakigeuzageuza, akafungua mlango mmoja, akaufunga.
"Umekifananisha kweli, binamu," akasema. "Mpaka rangi."
Akakirudisha chini ya kitanda, akamaliza kufagia. Nimekaa siku nzima nikingoja kuitwa. Sijaitwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa mbele! Injini inanguruma kama imeshiba. Watu wametupungia, nami nikawapungia kama mwenye gari. Mlango wangu ndio ule wa kijivu. Njiani mjomba akasema, macho barabarani, kwamba kiti hiki alikuwa amempangia bintiye, ila asiyeweza kutunza kopo hakai mbele. Nikaitikia, ndiyo mjomba. Nyuma, Spana alikuwa akitazama nje.

Jumapili, 9 Machi
Nimeupaka mlango wa kigari kijivu. Sasa hakuna wa kuvitofautisha. Spana nitamtengenezea chake, kikubwa zaidi, chenye viti vya ngozi. Kabatini mwa mjomba kuna kipande cha ngozi, nikikata pembeni hatagundua. Ubavu uliozidi, hilo si kosa langu. Rangi kuganda, hiyo ni kemia. Kilichoharibika kweli ni kimoja: mjomba alimwuliza Spana mara mbili, na mara zote mbili mdomo wangu ulikuwa mzima.