Jani Nililofunikia Mtori

Leo nimeadhirika, jamani. Mvuliwa nguo huchutama, basi jueni anayewaandikia amechutama. Niko Moshi mjini kwenye kafe ya intaneti, nimeomba kompyuta ya pembeni kabisa inayoangalia ukuta. Nimeshuka kutoka kijijini kwetu Uru kwa kisingizio cha kununua chumvi. (Chumvi nyumbani ipo. Tena tele.)

Kwanza mkumbuke nilivyokuwa kabla ya leo. Mimi ndiye Ndeshi niliyewajazia ninyi rafiki zangu wa Dar barua pepe mwezi mzima. Mara kiburu cha bibi, ndizi na maharage vimepikwa mpaka vimeshikana. Mara machalari, ndizi na nyama. Mara mbege, pombe yetu ya ndizi, ya Krismasi. Zuhura akachoka, akaniita Mchagga wa Krismasi. Nilimjibu kwa hasira, barua ndefu, kwamba mimi nimezaliwa Uru, na kulelewa Dar kwa baba mdogo tangu darasa la kwanza hakujanipunguzia Uchagga hata chembe. Zuhura, ile barua ifute. Nakusihi.

Sasa sikilizeni.

Mama yangu na jirani yetu Mama Aloyce hawasemeshani. Kisa ni mtori. Mtori mnaujua, nimeshawachosha nao: ndizi mbichi zinachemshwa na nyama, zinapondwa mpaka zinakuwa supu nzito. Basi siku ya kipaimara cha Aloyce, mama yake aligawa mtori kwa wageni. Mama yangu akaonja. Akatazama bakuli. Akasema mbele za watu, "Mtori huu hata paroko angeweza kubatizia."

Watu walicheka. Mama Aloyce hakucheka. Tangu siku hiyo anangoja kuombwa radhi, na mama anasema yeye haombi radhi kwa kusema kweli. Aloyce ameota ndevu, ameoa, juzi amepata mtoto, na hawa wawili bado wanapishana njiani kama hawaonani. Kanisani mmoja anakaa upande wa Bikira Maria, mwingine upande wa Mtakatifu Yosefu. Padri akisema watu wapeane amani, wote wawili vilemba vinalegea ghafla, vinahitaji kufungwa upya.

Lakini mzazi ni mzazi. Huku kwetu mwanamke akijifungua, majirani wasipompelekea mtori ni aibu yao. Kwa hiyo leo asubuhi mama alipika. Na alipika kwa hasira! Ndizi mshale, mbavu za ng'ombe, siagi, anaponda huku ananung'unika, "Leo watajua mtori ni nini." Ulitoka mzito, mwiko ukasimama wenyewe. Akaumimina kwenye ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, zile zinazovushwa kutoka Kenya mpakani Holili, akaijaza mpaka mdomoni. Mfuniko hauna. Mfuniko siku hizi ni sahani ya kuku.

"Mpelekee Kristina," akaniambia. Kristina ndiye mke wa Aloyce. "Huyo mama mkwe wake msalimie tu, usikae."

"Niseme nini, mama?"

"Mtori unajisemea wenyewe."

Nikatoka. Nimevaa fulana yangu nyeupe yenye picha ya Mlima Kilimanjaro kifuani (ndiyo, ile ile) na viatu vya mjini. Usiku mvua ilinyesha, njia ya kupita migombani inateleza kama imepakwa sabuni. Kila nikiteleza, ndoo inacheza, mtori wa moto unanirukia. Sijafika mbali, kilele cha Kibo kifuani kwangu kimeshageuka rangi.

Hapo akili ikanijia. Nilikumbuka utotoni, tukienda mferejini kuchota maji, bibi alikuwa anaweka jani juu ya ndoo ili maji yasimwagike. Jamani, nilijisikia Mchagga mpaka kwenye uboho! Nikatazama huku na huku nitafute jani.

Migomba ilinizunguka pande zote. Jani moja tu la mgomba lingenisitiri. Lakini yalikuwa juu, na viatu vyangu si vya kurukia. Pembeni yangu, mpakani kabisa mwa kihamba chetu, shamba la nyumbani, na cha Mama Aloyce, palikuwa na masale. Ni yale majani marefu membamba ya kijani yanayopandwa mpakani. Hata Dar mnayaona, watu wanapanda kwenye vyungu. Nikachuma moja safi. Lilikuwa refu, likawa linachomoza nje ya ndoo, basi nikalikunja, nikalifunga fundo kama kamba ya kiatu, nikaliweka katikati juu ya mtori. Likatulia. Lilipendeza kweli.

Nikafika. Uani kwa Mama Aloyce pamejaa wanawake wa jumuiya ya kanisani, wametoka kusali rozari ya kumwombea mzazi, sasa wanakunywa chai.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

Kristina alikuwa ndani ananyonyesha. Akaja mama mkwe wake. Nikapiga shikamoo, nikamkabidhi ndoo kwa mikono miwili, kwa adabu zangu zote.

Mama Aloyce akatazama ndani ya ndoo. Wanawake wakanyoosha shingo.

"Ndeshi, nani amekutuma?"

"Mama."

"Mama yako? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Tangu alfajiri hajakaa chini."

Akaiweka ndoo chini. "Na amesemaje?"

Hapa ndipo mngenishika mdomo. Mama hakusema kitu! Lakini mimi nina zile adabu za Dar za kumwekea mtu maneno matamu. Nikasema, "Amesema mpokee kwa moyo mweupe."

"Ruwa wangu! Mungu wangu!" Mama Aloyce akaangua kilio. Akalitoa lile jani kwenye mtori kwa vidole viwili, akalipangusa na khanga yake, akalikumbatia kifuani. Vigelegele vikalipuka. Mwenyekiti wa jumuiya akainua mikono juu, akamshukuru Mungu. Mimi nikawaza, kweli mama yangu ni fundi wa mtori, haujaonjwa na watu wanalia. Machozi yakanilenga. Nikapiga kigelegele na mimi. (Kirefu kuliko vyote.)

"Twendeni kwake," Mama Aloyce akasema. "Twendeni sasa hivi."

Wakashika wimbo wa kanisani, tukaondoka. Nani aliongoza msafara? Mimi.

Mama alikuwa bandani anamkatakatia ng'ombe mgomba. Akageuka, panga mkononi, akaona jumuiya nzima inaingia inaimba, na mbele yao binti yake anacheka na fulana imejaa mtori.

"Mama Ndeshi!" Mama Aloyce akaita. Ndiyo maneno ya kwanza tangu kipaimara. "Nimepokea. Mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya, nimekusamehe!"

Mama akamtazama. "Umenisamehe nini?"

Wimbo ukafa. Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

Mama Aloyce akanyanyua lile jani. Mwenyekiti akauliza polepole, "Mama Ndeshi, hili isale si wewe umelituma?"

Sasa ngoja niwaeleze kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua na mimi nimekijua leo. Isale si pambo. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Maana yake unaomba radhi. Na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ulimchomea nyumba. (Mimi ninalo moja kwenye chungu, sebuleni kwangu Sinza. Sijui miaka yote hii nimekuwa nikimwomba nani radhi.)

Mama alilitazama jani. Akamtazama Mama Aloyce, macho bado yana machozi. Akafungua mdomo. Mpaka sasa sijui alitaka kusema nini, kwa sababu mimi nilimtangulia.

"Ni mimi nimeliweka! Nilikuwa nafunikia mtori usimwagike!"

Jamani! Watu walicheka! Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye matope na gauni lake la kanisani. "Hajui isale!" "Mtoto wa Uru!" "Na mlima ameuvaa kifuani!" Mwenyekiti akavua miwani ajifute macho. Nilitamani ardhi ipasuke, nikatafuta hata shimo la mbolea.

Lakini Mama Aloyce hakucheka. Alisimama palepale, mkono wenye jani ukawa unashuka taratibu.

"Kumbe ni mfuniko," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipoingia. Ile ya kuchekwa nimeizoea, mnanijua. Lakini huyu mama alikuwa amengoja tangu mwanawe ni mtoto. Amelia mbele za watu, amesamehe mbele za watu, kumbe kaletewa kizibo cha ndoo. Wenzake wakaona sura yake, wakanyamaza mmoja mmoja. Niliona haya mpaka nikashindwa kunyanyua uso.

Mama akaweka panga chini. Akapangusa mikono kwenye khanga. "Lete hapa."

Akalichukua lile jani. Nilijua anamtupia ng'ombe. Akaligeuzageuza, akatazama fundo langu.

"Nani anafunga hivi? Hiki ni kiatu?"

Akalifungua. Akalinyoosha kwenye goti, akalifunga upya, taratibu, fundo moja dogo lililokaza. Kisha akamwendea mwenzake, akalishika kwa mikono miwili, akainama kidogo. Mama yangu! Kuinama!

"Mama Aloyce, fundo ndilo lililokosewa. Pokea."

Mama Aloyce hakulipokea upesi. "Na mtori wa kipaimara?"

Mama akameza mate. "Ulikuwa mwepesi."

"Aaaah!" jumuiya ikaguna.

"Ulikuwa mwepesi," mama akarudia, "lakini haikuwa kazi yangu kusema. Nilikuaibisha kwako, mbele ya wageni wako. Sikufanya vizuri."

Mama Aloyce akanyoosha mikono yote miwili, akapokea. "Aika," akashukuru. Basi. Na mimi safari hii sikuthubutu kupiga kigelegele.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha! Wamekaa jikoni kwa mama tangu saa ile, wanamalizia mtori uliobaki chunguni, na kila anayepita njiani wanamwita. Kisha naitwa mimi. "Ndeshi, njoo uwaonyeshe ulivyofunga!" Nimeonyesha kwa shangazi. Nimeonyesha kwa fundi baiskeli. Katekista amepanda kutoka kanisani makusudi, nikaonyesha na kwake. Alipoondoka tu, nikakumbuka chumvi.

Naombeni msicheke. Wa kucheka wapo wawili, wana miaka mingi ya kufidia, na sioni dalili ya kumaliza. Zuhura, kuhusu ile barua, Januari nakuja kwako na isale. Fundo atafunga mama.