Kiti cha VIP

Jumatano, 4 Desemba
Dada yangu Angeline ametuma ujumbe. Jumamosi wakwe wanatoka Embu kumposa binti yake, Kajuju. Hema mbili, moja ya VIP! Nimemuuliza Tabby wa saluni, aliyesoma shule hadi fomu foo, VIP ni nani hasa. Akasema ni mtu muhimu sana. Anajulikanaje? Kwa kiti kilichovishwa kitambaa, na maji ya chupa. Basi! Mimi niliyewahi kufukuza ndovu kwa kofia hapa Maua, ninyimwe kitambaa?

Alhamisi, 5 Desemba
Nimemwomba Angeline aniweke VIP. Akacheka. Eti mjomba mahali pake ni ndani ya nyumba: ndiye hupokea kifungu cha miraa cha posa, bila yeye hakuna neno linaloanza. Ndani! Kwenye kochi lile linalochoma makalio! Ndugu yangu mdogo Kithinji akadakia kwamba yeye kochi linamtosha. Wivu tu. Nimechapisha kadi ya VIP pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Ya kuvaa shingoni.

Jumamosi, 7 Desemba
Nimewahi kiti cha mbele kabisa. Suti ni ile ya harusi yangu. Kifungo kimeruka nikisalimia. Wageni wakafika, wakaingizwa nyumbani wote. Hemani tukabaki mimi na dereva wao. Akaniuliza mimi ninaendesha gari la nani.
Mara Angeline akaita mlangoni, "Mjomba wa Kajuju yuko wapi? Watu wanangoja!" Nikainuka nusu. Dereva akakitazama kiti changu. Nikaketi. Mtu muhimu hufuatwa.
Sikufuatwa. Nikasikia vigelegele. Kithinji akatoka na blanketi jipya la zawadi ya mjomba begani, kifungu mkononi, wazee wa Embu wakimwita mjomba!
Kajuju mwenyewe aliniletea chakula. "Anko, nilitaka wewe ndiye unibariki." Nyama ikanikwama. Maji ya chupa dereva alikuwa ameyamaliza.

Jumapili, 8 Desemba
Angeline hasemi nami. Kithinji amekwenda kanisani na blanketi, jua lote hili! Nimewaza sana. Kosa nimeliona: Tabby anasema juu ya VIP kuna VVIP. Nimeagiza kadi yenye kamba ya dhahabu.
Kajuju amepiga simu. Hana kinyongo, mtoto wa watu. Harusi ni Aprili, na anataka mimi ndiye nimshike mkono kumwingiza kanisani.
Nimemwambia amwombe Kithinji. VVIP hasimami.