Kapteni wa Chumba cha Uani

Jumatatu, 3 Machi

Mji huu umepata bahati leo, ila bado haujajua: nimehamia. Mji mkubwa umebaki yatima. Kule nilikuwa nalala kwenye kochi la dada yangu, miguu nje, na shemeji ananikodolea macho kila nikishika sabuni. Hapa vyumba ni rahisi ajabu. Rahisi kupita kiasi! Na ukuta wa kambi ya jeshi uko mbele ya dirisha langu. Lazima kuna jambo.

Chumba amenitafutia mpwa wangu, muuguzi, anayepanga upande wa mbele. Ameniomba kitu kimoja: Mjomba, wiki hii funga mdomo. Mwenye nyumba, Mama Geti, mjane wa sajini, hataki wapangaji wa maneno mengi. Mpya yuko kwenye majaribio hadi Jumapili. Akifaa anapewa ufunguo wa geti. Asipofaa, godoro lake barabarani.

Nikafunga mdomo. Baada ya kumwambia Mama Geti kwamba mimi ni kapteni mstaafu. Akauliza kikosi gani. Nikasema cha siri, siri kiasi kwamba hata mimi niliambiwa baada ya kustaafu. Mpwa wangu akashika kichwa. Kwa fahari, nadhani.

Jumanne, 4 Machi

Jambo lenyewe limejitokeza! Jioni natoka dukani, natafuna mkate. Tarumbeta ikalia nyuma ya ukuta wa kambi. Mtaa mzima ukaganda. Kinyozi mkasi hewani, mteja kanyolewa nusu kichwa. Mwenye baiskeli kaweka mguu chini. Mama mmoja na ndoo yake kichwani, hata tone halikumwagika. Wote wameelekea ukutani. Anayetembea ni mimi peke yangu. Anayetafuna pia.

Tarumbeta ikanyamaza, wakaendelea na shughuli kana kwamba hakuna kitu. Kinyozi tu ndiye aliyenikata jicho.

Ishara hiyo! Wananifuatilia. Mtu mkubwa hahami kimyakimya.

Jumatano, 5 Machi

Kuuliza siwezi. Kapteni haulizi. Nikamzunguka kinyozi, nikamwambia watu wa hapa mnajua kusimama, eh? Akacheka: "Kapteni, unanipima!" Nikacheka naye. Sijui tulicheka nini.

Jioni nikajifungia chooni, jicho kwenye tundu la dirisha. Tarumbeta! Mama Geti akasimama wima katikati ya ua, kuku kwapani. Hata kuku hakupumua. Na mpwa wangu, damu yangu mwenyewe, shuka nusu kambani nusu mkononi, naye kaganda! Wamemnunua mtoto wa dada yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mtego. Tarumbeta ilie saa isiyo yake. Atakayeganda ni mmoja wao. Nimechukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, nikachomeka faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Mchana nikapanda juu ya pipa nyuma ya nyumba, nikapuliza.

Ilitoka sauti ya ng'ombe mwenye mafua. Lakini waliganda! Kinyozi, mama wa ndoo, wote nimewanasa. Lori la jeshi nalo likaganda. Hilo sikulipanga.

Askari wakashuka. Koplo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akauliza nani anashusha bendera mchana. Mama Geti akasema, kwa adabu yenye sumu, kwamba huyu hapa ni kapteni, mwulizeni. Koplo akakakamaa, akanipigia saluti. Nikaijibu. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na faneli.

Akauliza kapteni wa wapi. Nikaanza na kile kikosi cha siri. Mpwa wangu akaja mbio na sare yake ya kazini: "Afande, msamehe, huyu ni mjomba wangu tu." Tu! Afadhali wangenifunga pingu.

Koplo akanieleza polepole, kama mtoto wa chekechea. Jioni bendera ya kambi inashushwa, tarumbeta inalia, anayesikia anasimama. Heshima, basi. Akaondoka na faneli yangu.

Mama Geti alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nifunge godoro. Mpwa wangu akambembeleza mpaka nikaona aibu, jambo nisilolizoea. Kumbe bibi yule alijua tangu Jumatatu: kapteni gani anafunga godoro lake kwa kamba ya chandarua? Uongo anauvumilia, marehemu mumewe aliua simba kila akilewa. Asichovumilia ni mtu anayetafuna mkate bendera ikishuka. Basi, hadi Jumapili nisimame getini kila jioni, mtaa unione. Nikikosa mara moja, kochi.

Jumapili, 9 Machi

Ufunguo ninao! Nimesimama kama nguzo ya umeme. Mpangaji mpya wa chumba cha pili akauliza mbona nasimama vizuri hivyo. Nikamnong'oneza kwamba mimi ni meja, na huu ujomba ni wa kujifichia tu. Akanitazama kwa makini mno. Yule wa kuchunguzwa. Jikoni kwa Mama Geti nimeona faneli nyingine.

Kuna kajambo kamoja kadogo, nako kabaki humu humu daftarini. Jana jioni nilisimama kifua mbele, saluti mkono wa kulia safari hii, machozi yananilengalenga, na mtaa mzima unanipita ukicheka. Ilikuwa honi ya gari la taka.